Pini Imeingia, Lakini Chaja Siyo Yake

"Shikamoo fundi. Sisi tunakaa Nyegezi, hapa Mwanza, mimi, mama na wadogo zangu wawili. Tuna katoni la chaja na nyaya, nimezihesabu zimefika kumi na saba, na nusu yake hatujui ni za nini. Mwezi uliopita tulipaka rangi sebule, vitu vyote vikachomolewa. Wakati wa kurudisha, mdogo wangu akachukua chaja ya laptop ya zamani ya baba akaichomeka kwenye ruta. Iliingia vizuri tu. Taa za ruta zikawaka mara moja, zikazima, pakatoka harufu. Fundi wa jirani anasema ruta imeuawa na ampea nyingi. Sasa mama hataki mtu aguse lile katoni. Mwaka jana nilibandika karatasi zenye majina kwa selotepu, zote zimebanduka. Pia mjomba ni mvuvi wa dagaa na huwa anatuachia chaja za taa zake. Naomba unielekeze nizipange vipi, niandike nini, na zile tusizozijua tuzitupe au?"

Marahaba mwanangu, na poleni kwa ruta. Mama yako ana haki ya kuogopa, ila katoni lisiloguswa halitatengeneza kitu. Siku moja atakuja mgeni anataka chaja na yatarudi yale yale. Tuanze na kilichotokea, kwa sababu ukikielewa hicho utajua mwenyewe cha kuandika kwenye lebo.

Jirani yako amekosea kuhusu ampea. Simcheki, hilo kosa nalisikia kila wiki hapa mezani kwangu, hata kwa mafundi walioshika kifaa cha kulehemu nyaya kwa miaka mingi. Kilichoua ruta ni volti. Chukua mfano wa maji ya bomba hapa kwetu. Aliyejenga juu kwenye mawe kule Mabatini anajua maji yanavyomfikia kwa kujikongoja, na aliye bondeni akifungua koki yanaruka mpaka kwenye nguo. Ile presha ndiyo volti. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Sasa tenki la lita 5,000 halipasui koki yako kuliko la lita 1,000, almradi yote mawili yamewekwa kwenye kimo kimoja. Koki inachukua kiasi ilichofunguliwa. Ndivyo ruta inavyofanya: ikiwa imeandikwa 12V 1A, yaani volti 12 na ampea 1, ukaipa chaja ya 12V 2A, itachukua ile ampea yake moja au pungufu, na chaja itakaa hapo hata joto haina. Namba ya ampea kwenye chaja inakuambia mwisho wa uwezo wake. Haisukumi chochote.

Chaja ya laptop ya baba yako, kwa vile ilikuwa ya zamani na pini ya duara, karibu hakika ni ya volti 19 au 19.5. Ruta za majumbani nyingi ni 12V, chache 9V, na zile ndogo kabisa 5V. Kwa hiyo ruta ilipewa presha ya mlimani na yenyewe imetengenezwa kwa ya bondeni.

"Lakini mbona iliingia?" Hapo ndipo watu wengi wanapoumia, ngoja nikuonyeshe kwa karibu. Chukua hizo pini mbili uziangalie kwa mbele, kwenye mwanga. Kwa nje zote zina upana wa milimita 5.5. Tofauti iko kwenye tundu la katikati: ya chaja nyingi za ruta ni milimita 2.1, na za laptop kadhaa za zamani ni milimita 2.5. Sindano iliyo ndani ya ruta ni nyembamba, kwa hiyo pini yenye tundu pana inaivaa bila shida, inalegalega kidogo tu. Jaribu kinyume chake, pini ya 2.1 kwenye sindano nene, utaona inagoma. Tofauti yenyewe ni chini ya nusu milimita, kijana wa miaka kumi na tano nyuma ya meza ya TV hawezi kuihisi kwa vidole. Msimkemee sana.

Na ruta yenyewe usiitupe. Umeme ukiingia unakutana kwanza na kapasita, kile kikopo kidogo kinachohifadhi umeme, mara nyingi ya kuhimili volti 16 au 25, kisha na kipande kidogo cheusi kiitwacho aisii kinachoshusha volti kabla ya kufika kwenye moyo wa kifaa. Mara nyingi hawa walinzi wa mlangoni ndio hufa na ndani kukasalimika. Ipeleke kwa fundi, na umwambie ukweli kwamba ilipigwa na chaja ya 19V. Watu wanaona aibu, wanasema "ilizima yenyewe tu," na fundi anapoteza nusu siku akitafuta ugonjwa ambao mgonjwa anaujua.

Sasa tufungue katoni. Watu huanza na chaja, wanashika moja moja wanajiuliza hii ya nini. Wewe anza na vifaa. Zunguka nyumba na daftari: ruta, king'amuzi, sabufa ndogo, taa ya kuchaji, laptop, mashine ya kunyolea. Kila kimoja kigeuze, tazama chini yake au pembeni mwa tundu, andika volti na ampea kinachotaka. Ukimaliza una orodha ya waume, sasa nenda kwenye katoni uwatafutie wake zao.

Kwenye chaja, maandishi yako mgongoni, madogo kama mchanga. Yakiwa yamefifia, mulika tochi kwa ubavu au yapige picha kwa simu uikuze. Utaona kitu kama hiki:

INPUT: 100-240V~ 50/60Hz 0.6A
OUTPUT: 12V ⎓ 1.5A

Mstari wa juu ni wa ukutani, huo wa TANESCO, 230V, na karibu kila chaja ya siku hizi umeandikwa hivyo hivyo. Haukusaidii kutofautisha chochote. Nimewahi kuletewa mzigo mzima wa chaja ambazo mtu alizibandika kwa bidii "240V", "240V", "240V". Unachotaka ni OUTPUT. Ukikuta mA badala ya A, gawanya kwa elfu: 1500mA ni 1.5A. Ule mstari wenye vidoti chini yake maana yake ni DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri. Ukikuta wimbi ~ upande wa OUTPUT, hiyo inatoa AC, umeme unaogeuka kwenda na kurudi kama wa ukutani; iweke kando kabisa, maana kifaa cha DC ukikipa hiyo unakiumiza hata kama volti zinalingana.

Sheria ya kuoanisha: volti zilingane, ampea za chaja ziwe sawa au zaidi ya za kifaa. Zikiwa pungufu hutaona moshi mara moja, utaona vituko. King'amuzi kinachotaka 12V 1.5A ukikipa chaja ya 12V 0.5A kinawaka, kinaleta picha ya kampuni, kinazima, kinaanza upya, usiku kucha. Mama atasema dishi limegeuzwa na upepo wa ziwani, mtapandisha mtu juu ya bati bure. Wakati huo chaja inaungua taratibu kwa kubebeshwa mzigo usio wake.

Kuna jambo la tatu ambalo hata mimi liliwahi kunitia aibu. Kwenye chaja nyingi kuna kimchoro cha viduara vitatu, kimoja na alama ya kujumlisha, kimoja na ya kutoa. Kinaonyesha chanya iko katikati ya pini au nje. Siku hizi karibu zote ni chanya katikati. Vinanda vingi vya zamani vilitaka hasi katikati. Miaka ile najifunza kazi, kwaya yetu ilipoteza chaja ya kinanda asubuhi ya Jumapili, nikajitokeza kifua mbele na chaja ya 9V, volti sawa, ampea sawa, pini imeingia. Kinanda kikafa mbele ya kwaya nzima. Ilikuwa imeungua daiodi ya ulinzi tu, kile kipande kinachozuia umeme ulioingia kinyume, niliibadilisha Jumatatu, lakini siku hiyo tuliimba bila kinanda. Tangu hapo nachora alama hiyo kwenye kila lebo.

Chaja za mjomba zinahitaji aya yake, na hapa naomba usikilize kuliko kote. Tangu wavuvi wa dagaa waanze kuacha karabai na kuchukua taa za betri, nyumba nyingi za huku ufukweni zimejaa hizi chaja. Siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliki vizuri, taa zinarudi nyumbani kupumzika, na chaja zake zinaingia katonini pamoja na za ruta. Zinafanana kabisa, hata pini ni ile ile. Ila hizo ni chaja za betri. Ya betri ya maji ya volti 12 inatoa kama 14V hivi, kwa sababu lazima iizidi betri ili ijaze. Ya betri za lithiamu utaikuta imeandikwa 4.2V, 8.4V au 12.6V, ukiona namba hizo za ajabu ajabu ujue ni ya lithiamu. Kuiweka kwenye king'amuzi ni kubahatisha. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: kuchukua chaja ya kawaida ya 12V ukaichomeka kwenye taa ya lithiamu, hakuna wa kuiambia ikome betri ikishajaa, isipokuwa kama taa yenyewe ina saketi ya kuizuia, na baadhi ya zile za bei rahisi hazina. Betri ya lithiamu iliyojazwa kupita kiasi inaweza kuwaka moto. Kwa hiyo chaja za mjomba zisikae kwenye katoni lenu. Zitafutie ndoo yake yenye mfuniko, juu yake andika BETRI TU, na siku ya kwenda kambini aondoke na ndoo.

Sasa lebo. Selotepu ilikuangusha kwa sababu gundi yake inalainika kwa joto, na chaja ni kitu cha joto. Inabanduka, inaacha utomvu, vumbi linaganda. Utepe mweusi wa mafundi umeme nao unateleza ukipata joto, na juu yake huwezi kuandika. Kitu ninachotumia mimi ni plasta nyeupe ya kitambaa, ile ya kufungia vidonda, unaipata duka lolote la dawa. Inashika waya vizuri, inakubali wino wa maka peni, na ukiivuta haichani ovyo. Futa kwanza waya kwa kitambaa chenye spiriti, maana mkono wetu una mafuta. Andika plasta ikiwa bado mezani, usiandike ikishabandikwa, utapata mwandiko wa daktari. Kisha izungushe kwenye waya, nusu na nusu zikutane mgongo kwa mgongo, ibaki imening'inia kama bendera ya mtumbwi.

Ibandike wapi? Wengi wanabandika kwenye tumbo la chaja na kuishia hapo. Tumbo la chaja liko chini sakafuni karibu na ekstensheni, wewe umeinama nyuma ya TV umeshika pini. Lebo muhimu ni ile iliyo karibu na pini, kama upana wa vidole vinne kutoka mwisho. Ya pili iwe upande wa plagi, ili mtu anayetaka kuchomoa pasi asichomoe friji. Na ya tatu, ambayo watu hawaifikirii, bandika kwenye kifaa chenyewe pembeni mwa tundu: "12V". Pini inasema 12V, tundu linasema 12V, hata mtoto wa darasa la tatu anaoanisha. Tumbo la chaja liachie nafasi ya kupumua, usilifungie plasta raundi nne, na usifunike maandishi ya kiwandani. Hayo ndiyo ushahidi wako siku lebo ikipotea.

Maneno yawe machache. Kwa mfano: RUTA 12V 1A, halafu kile kimchoro cha chanya. Volti ziandike kubwa kuliko jina, kwa sababu ruta itabadilishwa mwakani na volti za chaja hazitabadilika.

Kuhusu rangi, nimeona watu wana mpango mzima: kijani 5V, njano 9V, bluu 12V. Baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka, na aliyepanga kaolewa kahamia Geita. Mimi nashauri rangi moja tu. Chukua rangi nyekundu ya kucha ya mmoja wa wadogo zako kama yupo wa kike, paka pete shingoni mwa pini ya kila chaja inayozidi 12V. Nyekundu ni ya laptop, haiendi pengine popote. Basi.

Chaja za simu ni habari nyepesi zaidi. Chaja yoyote ya USB inaanza kwa 5V. Hata zile za kuchaji haraka zinazoweza kupanda mpaka 9V au 20V, hazipandi hadi simu iombe. Ndiyo maana chaja ya laptop ya Type-C haiunguzi simu. Hapo lebo iwe na jina la mwenye nayo na wati zake, kupunguza ugomvi. Nyaya ndizo za kupima: kuna nyaya zinazopitisha umeme tu bila data, hizo ziandike CHAJI TU, utaokoa saa nzima siku unataka kuhamisha picha kwenda kompyuta. Na ukikuta tochi au taa ya Type-C inayokataa kuchaji kwa waya wenye Type-C pande zote mbili, jaribu waya wenye USB ile pana ya zamani upande mmoja kabla ya kusema imeharibika. Watengenezaji wengine wameacha kuweka kirezista kidogo kinachoiambia chaja "nipo hapa," na chaja ya kisasa isiposikia hivyo haitoi kitu.

Kuhifadhi: kunja waya kwa mizunguko mipana kama mvuvi anavyokunja kamba, usiuzungushe kwa kuubana kwenye tumbo la chaja. Shingo ya waya inakatika ndani, unaanza kushikilia kwa kidole ili iwashe. Mifuko ya nailoni laini, mmoja kwa kila chaja, inatosha.

Zile zisizojulikana. Zenye maandishi yanayosomeka zibaki, hata kama kifaa chake hakipo, ziandike tu volti na ampea. Chaja ya 12V 2A ni mali. Zisizo na maandishi kabisa zipeleke kwa fundi mwenye multimita, yaani kipima umeme, kwa dakika moja atakuambia volti na upande wa chanya. Mwambie apime na mzigo, yaani chaja ikiwa inaendesha kitu, kwa sababu zile nzito za zamani zenye transfoma ndani zinaweza kuandikwa 9V na zikasoma 13V zikiwa tupu. Ampea multimita haitakuambia, kwa hiyo hiyo chaja ibaki ya vifaa vidogo. Zilizopasuka, zilizoyeyuka, zinazonuka, zinazolia zii usiku, hizo kata waya wake karibu kabisa na tumbo kabla ya kutupa, mtoto wa mtu asiiokote akaijaribu.

Usiifungue chaja mwenyewe kutafuta ubovu. Ndani kuna kapasita inayobeba volti kama 325, na inaweza kuendelea kuzibeba hata baada ya kuichomoa ukutani. Na kama ukigusa laptop inapochaji unahisi kusisimka mkononi, au plagi ikiingia inatoa cheche kubwa, au soketi imeota weusi, usilaumu chaja peke yake. Mwite fundi umeme mwenye leseni aangalie soketi na waya wa ardhi wa nyumba, nyumba nyingi tunazopanga waya huo hazina au umekatika. Mvua za radi zikianza, na ukanda wetu huu wa ziwa radi tunazijua, chomoa ruta na king'amuzi, pamoja na waya wa dishi. Lebo za upande wa plagi hapo ndipo utazishukuru, maana utakuwa unachomoa gizani.

Kwa ruta, usinunue nyingine kabla haijafunguliwa ikatazamwa. Ukienda kwa fundi nenda na chaja yake halisi, siyo ile ya baba. Ile ya baba, kabla hujafanya lingine lolote katika haya yote, itafutie rangi ya kucha leo jioni.